Skuta mpya imenizimia njiani mara 3, duka wanasema ni mafuta ya sheli

Dada shikamoo,

Naandika hii saa 5 usiku nimekaa jikoni, watoto wamelala, na kusema ukweli sijui hata nianzie wapi. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tabata, nauza keki na vitafunwa. Oda zangu nyingi ni za maofisini Posta na Kariakoo, wikiendi ni besdei na sendofu. Miaka 3 yote nimekuwa napeleka kwa boda na bajaji, hela inaishia huko, na keki nyingine zinafika zimelala upande mteja anakuangalia tu usoni hasemi kitu.

Mwaka huu nikasema basi, ngoja ninunue chombo changu. Nikakopa kikoba 1,800,000, nikaongezea akiba yangu, nikachukua skuta mpya kabisa ya cc 125 kwa 3,400,000, kwenye duka moja mjini silitaji jina. Nilipenda skuta kwa sababu haina mambo ya gia na klachi, hata nikivaa sketi napanda, na nyuma nikafunga boksi kubwa la keki. Ni ile ya injekshen, haina kiki, ni kitufe tu. Nikapewa risiti ya EFD, kitabu, na kadi ya waranti ya mwaka 1 au kilometa 10,000, kinachotangulia.

Dada siku 10 za kwanza nilikuwa nahisi nimepata mbawa. Siku ya 11, Ijumaa, nina keki ya sendofu ya ngazi mbili, niko mataa ya Buguruni, foleni, jua la saa 7. Kuna kijana wa mkokoteni kaniingilia mbele nikabonyeza honi, ikatoka sauti nyembamba kama mtu anakohoa. Nikaona taa za dashibodi zinafifia, indiketa inawaka polepole, afu skuta ikazima yenyewe. Nikibonyeza kuwasha inafanya tik tik tik kisha kimya. Vijana wa boda Mungu awabariki walinisukumia mpaka kivulini. Nikafungua boksi, ua la juu la keki lilikuwa limeteremka na krimu mpaka ubavuni, limelala pale. Nilichukua bajaji nikapeleka hivyo hivyo, mteja akanilipa nusu.

Nikakodi kirikuu 25,000 kuirudisha dukani. Fundi wao akachaji betri, akabadilisha plagi, akasema mama nenda iko poa. Hakuna karatasi niliyopewa. Baada ya siku 5 ikazima tena Ilala Boma, hiyo ilikuwa jioni nimewasha taa, na ilizima haraka kuliko ya kwanza. Wakachaji tena. Mara ya tatu hata Buguruni sikufika. Na kila wakinirudishia, ile saa ya kwenye dashibodi nakuta imerudi mwanzo, naiset upya.

Sasa hivi iko kwao siku ya 12. Meneja ananiambia nimeweka mafuta mabaya, kwamba injekta na pampu zinataka kusafishwa na betri mpya, jumla 185,000, na waranti haihusiki na mafuta wala betri. Mi naweka mafuta sheli ile ile kila siku, ndo wanakoweka na boda wote wa kijiweni kwetu, wao mbona hawazimi?

Kuna kitu kingine sijawaambia na ndo kinaninyima usingizi. Wiki ya kwanza kijana mmoja fundi wa mtaani alinifungia chaja ya simu ili niwe naangalia ramani. Alichuna waya mmoja karibu na taa ya mbele, akaunga, akazungushia tepu nyeusi, 15,000. Naogopa wakiiona watasema ndo hiyo na waranti imekufa.

Fundi wa jirani anasema nisihangaike nao, niilete atanifungia rektifaya yuzdi kwa 40,000 yaishe. Mume wangu anasema niiuze kama ilivyo, na kila akinitazama najua anachotaka kusema. Skuta inasoma kilometa 412. Kitabu kinasema sevisi ya kwanza ni kilometa 500 au siku 30, na siku 30 zimepita ikiwa kwao. Rejesho la kwanza la kikoba ni wiki ijayo.

Dada nilipe hiyo 185,000? Nimpe jirani? Niuze? Na ile chaja niseme au ninyamaze?

Mama wa Keki, Tabata

*

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Hilo ua lililolala ubavuni mwa keki nimeliona kama nilikuwa nimesimama hapo kivulini na wewe. Kukopa kikoba, ununue kitu kipya ili uache kuhangaika, halafu kitu chenyewe ndo kikuongezee kuhangaika, hiyo inauma, na huna haja ya kumwomba mtu yeyote msamaha kwa sababu ulinunua.

Kabla sijaanza safu hii nilikaa miaka 6 mapokezi kwenye gereji ya pikipiki. Nilikuwa napokea watu kama wewe kila siku ya Mungu, na nimeona wengi wakipoteza haki yao kwa vitu vidogo vidogo, karatasi haikuchukuliwa, au fundi wa mtaani kagusa, au mtu kalipa hela ambayo hakutakiwa kulipa. Kwa hiyo barua yako nimeisoma mara mbili taratibu, na kuna mambo manne umeyaandika kama unasimulia tu kumbe ndo jibu lenyewe liko hapo.

Honi ilikohoa, taa zikafifia, indiketa ikawa polepole, NDIPO skuta ikazima. Shika huo mpangilio. Jioni ukiwa umewasha taa ikazima haraka zaidi. Stata ikafanya tik tik tik. Na saa ya dashibodi inarudi mwanzo. Mdogo wangu, honi haitumii petroli. Saa haitumii petroli. Hayo yote yanatumia umeme wa betri, na yote yanasema kitu kimoja, kwamba betri ilikuwa inakauka huku unaendesha, maana yake hakuna kinachoirudishia chaji.

Nikueleze inavyofanya kazi ili ukisimama mbele ya meneja usiyumbishwe. Ndani ya injini kuna koili zimekaa, na sumaku inazizunguka injini ikiwa inawaka, hapo ndo umeme unazaliwa. Umeme huo unapita kwenye kidubwana kinaitwa rektifaya, kazi yake ni kuugeuza uweze kuchaji betri na kuuzuia usizidi. Sasa koili zikiwa na hitilafu, au rektifaya imekufa, au hata soketi tu inayounganisha hivyo viwili imelegea au imeungua pini, betri haipati kitu. Unakuwa unatembelea chaji iliyomo tu, kama simu uliyoitoa kwenye chaja asubuhi. Na skuta yako ni ya injekshen, pampu ya mafuta, injekta na kompyuta yake vyote vinakula humo humo kwenye betri. Betri ikishuka pampu haisukumi, injini inazima. Wao wakaichaji, ikakupeleka siku chache, ikakauka tena. Kuchaji betri hapo ni kama kujaza ndoo iliyotoboka. Plagi waliyobadilisha haikuwa na kosa lolote kwa dalili ulizoniandikia.

Mafuta mabaya yapo, siyakatai, na EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, hawakuanzisha kuweka vinasaba (alama ya kutambua mafuta halali) kwenye mafuta bure, watu walikuwa wanachanganya mafuta ya taa na petroli. Lakini mafuta mabaya yana sura yake. Skuta inakatakata, haina nguvu ukipanda kilima, ukivuta mafuta inasita, inawaka kwa shida asubuhi. Ila honi inalia kama kawaida na stata inazunguka kwa nguvu zote, kwa sababu betri ni nzima. Wewe ni kinyume chake kabisa. Hata hivyo akiendelea kushikilia mafuta usibishane, mwambie kwa upole atoe mafuta kidogo kwenye tenki mbele yako, aweke kwenye chupa nyeupe ya maji ya kunywa, mkae nayo dakika chache. Kama yana maji yatatuama chini mtayaona wote kwa macho. Piga picha.

Halafu omba kipimo kimoja tu. Kila gereji ina mita ya umeme, ile ndogo yenye nyaya mbili nyekundu na nyeusi. Betri iwe imechajiwa kwanza. Waiguse kwenye betri skuta ikiwa imezimwa, betri nzima iliyojaa inasoma kama volti 12.6 hivi. Wawashe injini, wapandishe mwendo kidogo, taa ikiwa inawaka, waguse tena. Mfumo unaochaji vizuri utapanda, kwenye 13.5 mpaka 14.5 hivi. Ukikaa pale pale 12 na kitu na unazidi kushuka, haichaji, na hapo hadithi ya sheli imekwisha mdogo wangu. Ni kipimo cha dakika 5. Simama hapo hapo, rekodi video ya hiyo mita pamoja na namba ya skuta, na usisogee mpaka umeona namba kwa macho yako. Ninaloshangaa, na limenikera kwa kweli, ni kwamba chombo kimerudi mara 3 na dalili ile ile na hakuna hata mmoja pale aliyechukua mita. Kama walipima, waulize walisoma ngapi.

Sasa chaja. Waambie. Najua ulitaka nikuambie nyamaza, ila nimekaa upande ule wa dirisha na nakuhakikishia wataiona, wakifungua tu kava la mbele ile tepu nyeusi inawaangalia. Wakiikuta wenyewe baada ya wewe kukaa kimya, kila utakachosema baada ya hapo hakitaaminika, hata kile cha kweli. Ukisema wewe kwanza, inakuwa ni jambo la kupima tu. Mwambie fundi, kuna chaja ya simu ilifungwa hapa, naomba muichomoe kabisa, halafu mpime chaji ikiwa haipo. Ikiwa imechomolewa na mita bado haipandi, chaja haihusiki, na hilo liandikwe.

Kwa uzoefu wangu chaja ya simu peke yake haiwezi kukausha betri ya skuta inayochaji vizuri. Inakula kidogo sana, taa ya mbele inakula zaidi yake. Kuna namna mbili inaweza kuleta shida. Ya kwanza ni ikiwa imeungwa moja kwa moja bila kupita kwenye swichi, hapo inanyonya usiku kucha na asubuhi unakuta haiwaki, lakini wewe asubuhi ilikuwa inawaka vizuri ikaja kuzima njiani. Ya pili ni kama yule kijana alichuna waya usio wake, au maungio yamegusa chuma yakaleta shoti. Nakuambia ukweli kama ndugu, wakikuonyesha waya umeungua pale pale kwenye tepu, sehemu hiyo ya gharama itabidi uibebe wewe. Ila wakuonyeshe, na waandike namna ule waya ulivyosababisha isichaji. Soma kadi yako vizuri hapo, nyingi zinasema hazilipii hasara ILIYOSABABISHWA na kitu ulichoongeza. Neno hilo lina uzito wake. Kuwepo kwa chaja peke yake hakufuti waranti ya koili iliyotoka kiwandani ikiwa mbovu.

Na yule kijana asiguse tena hata kwa kurekebisha.

Hiyo 185,000 usilipe. Siyo kwa sababu ya ukubwa wake, kwa mtu anayedaiwa kikoba ni kubwa, najua, lakini kuna jambo zaidi ya hilo. Ukilipa na kusaini karatasi iliyoandikwa kusafisha injekta na pampu, umekubali kwa mkono wako kwamba tatizo lilikuwa mafuta, na kesho ikizima tena utaambiwa si tulishakubaliana ni mafuta? Kuhusu betri, betri za namna hii zikikaushwa mpaka chini mara tatu nne zinaharibika, hazishiki chaji tena kama mwanzo. Kwa hiyo huenda kweli inahitaji mpya, ila imeuliwa na hitilafu ya chombo chao. Kwenye kadi nyingi betri ina muda wake mfupi kuliko injini, angalia yako inasemaje, wewe una mwezi 1 na siku kadhaa tu.

Fundi jirani mshukuru, na huenda hata amepatia kwamba ni rektifaya, mafundi wetu wa mtaani wengi wana masikio kuliko wenye makoti ya bluu. Ila mkono wake ukiingia humo leo, mlango wa waranti umejifunga mwenyewe, na umeweka spea yuzdi kwenye chombo cha mwezi mmoja. Subira kidogo.

Kuuza pia sikushauri. Utamuuzia nani, umwambie nini? Ukisema ukweli utapewa nusu ya bei, usiposema utakuwa umemfanyia mwenzio kile ulichofanyiwa wewe, na nakuona kwenye barua yako hufanani na mtu wa hivyo.

Twende kwenye haki yako, kwa sababu watu wengi wanadhani ile kadi ya waranti ni hisani ya duka na ikikataliwa basi imekwisha. Hapana. Tuna Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, ambayo inasema ukinunua kitu kwa mtu ambaye kazi yake ni kuuza vitu hivyo, kinatakiwa kiwe na ubora unaofaa kuuzwa, na kama ulimwambia unakwenda kukitumia kwa kazi gani na ukategemea ujuzi wake, kifae kwa kazi hiyo. Ulifungiwa boksi la keki nyuma, bila shaka mliongea unakwenda kufanyia nini. Skuta isiyojichaji haifai kwa kazi yoyote ya barabarani. Halafu kuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, iliyoanzisha Tume ya Ushindani, FCC, nayo inakataza mfanyabiashara kumpotosha mnunuzi, ikiwemo kumpotosha kuhusu waranti na haki alizonazo. Jambo moja la kuangalia kwenye hizi sheria za mauzo, haki ya kukirudisha kitu haikai milele. Ukikaa nacho muda mrefu kimya kimya unahesabiwa umekikubali. Ndo maana nataka uandike sasa, wiki hii.

Andika barua ya ukurasa mmoja tu, lugha ya kawaida, bila matusi na bila kumwaga machozi. Kitu kama hiki:

"Nilinunua kwenu skuta yenye namba za usajili (weka), chasisi (weka), tarehe (weka), kwa Sh 3,400,000, risiti nimeambatanisha nakala. Imezima njiani tarehe (weka zote 3), kila mara honi na taa zikififia kwanza. Mara mbili za kwanza mliichaji betri na kunirudishia bila kipimo cha mfumo wa kuchaji nilichoonyeshwa. Ipo kwenu tangu tarehe (weka) ikisoma kilometa 412. Kuna chaja ya simu iliyofungwa na fundi wa nje, naomba ichomolewe wakati wa kupima. Naomba mpime koili, rektifaya na nyaya zake mbele yangu, mbadilishe kilichoharibika pamoja na betri chini ya waranti, na mnipe maandishi ya kilichopimwa na kilichobadilishwa, ndani ya siku 7 tangu kupokea barua hii. Mkiona ni mafuta au ni chaja, naomba sababu kwa maandishi. Sevisi ya siku 30 imepitwa ikiwa mikononi mwenu, hivyo isihesabiwe dhidi yangu. Hitilafu hii isipotatuliwa nitadai kubadilishiwa chombo au kurudishiwa fedha zangu."

Toa nakala 2. Moja wabaki nayo, nyingine wasaini, waandike tarehe na kugonga muhuri wa kupokea. Wakikataa kusaini, itume hiyo hiyo kwa picha kwenye namba ya WhatsApp ya duka ambayo mmekuwa mnawasiliana, na kwa imeili kama wanayo. Hiyo sentensi ya sevisi usiiache, nimeona waranti ya mtu ikikataliwa mwezi wa 8 kwa sababu tu sevisi ya kwanza ilichelewa siku 9, na chombo kilikuwa kimelala gereji ya duka hilo hilo.

Na ile risiti ya EFD, mdogo wangu, kama umeiweka chini ya siti ya skuta itoe leo. Karatasi zile hazipendi joto, zinafutika, miezi michache tu unabaki na kikaratasi cheupe. Itoe fotokopi nakala 3 na uipige picha. Tafuta na meseji za malipo, na kama yule wa kirikuu ana namba yako mwombe akuandikie hata kikaratasi cha 25,000. Hela ya kirikuu iombe kwenye barua, mstari mmoja. Hela ya keki ya sendofu nakushauri usiitegemee, waranti nyingi hazigusi hasara ya biashara, na kuipigania kutakuchelewesha kupata skuta yako.

Siku ya kuichukua usiwe na haraka. Omba jobu kadi inayosema walibadilisha nini, siyo "imerekebishwa". Wapime tena kwa mita ukiwa hapo, taa ikiwa inawaka, na ikizidi 15 nayo ni mbaya, hiyo ni rektifaya inapitisha umeme mwingi na itakuunguzia betri na taa. Piga honi ukiwa umesimama, indiketa zikiwaka, taa zikiwaka, breki umeshika. Iendeshe nusu saa maeneo ya karibu kabla hujaenda nyumbani na kabla hujaweka keki ya mtu kwenye boksi. Wiki ya kwanza kubali oda za karibu tu.

Siku 7 zikipita kimya, peleka malalamiko kwa maandishi FCC ukiambatanisha ile nakala yenye muhuri, video ya mita na nakala ya risiti. Nimeshuhudia maduka yanabadilika sauti mtu akifika tu na barua yenye muhuri mkononi, kabla hata ya kwenda popote. Mahakama ipo pia, ila hiyo tuiache mpaka tuone wamejibu nini.

Kikoba usisubiri siku ya rejesho ifike. Nenda kwa mwenyekiti wenu kabla, na hizi karatasi, mweleze chombo kiko wapi na kwa nini, omba wiki 2 au ulipe kidogo ulichonacho. Akina mama wa kikoba wanamsamehe aliyewahi kusema, anayejificha ndo anawaumiza. Na shemeji yangu mwonyeshe barua hii ya kwangu akae nayo asome. Mwombe aende na wewe hiyo siku, asimame tu pembeni ashike simu arekodi, wewe uongee. Ukiniuliza mimi nadhani anaumia kuona unaumia ila njia aliyoipata ya kusema ni ile ya kukutazama.

Nenda Jumatatu asubuhi mapema kabla gereji haijajaa, mafundi wakiwa na nafasi. Namba utakayoisoma kwenye mita injini ikiwa inawaka, niandikie hiyo hiyo jioni, hata kama ni namba peke yake bila maneno.